Samadi ya Kaya Kumi na Nane

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatano, gari la wilaya lilitupita barabarani, likasimama mbele, kisha likarudi kinyumenyume mpaka likawa sambamba na mkokoteni wetu. Naikumbuka saa kwa sababu nilikuwa nimeivaa. Ilikuwa saa ya mume wangu, na mkanda wake ulinizidi mkono hata nikawa naisukuma juu karibu na kiwiko ili isidondoke. Kazi yangu siku hizo ilikuwa kuandika kwenye daftari kila safari imeondoka saa ngapi na imefika saa ngapi. Hiyo ilikuwa safari ya kumi na sita. Maksai wawili walikuwa wanavuta vizuri, samadi imejaa hadi juu ya mbao, na mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama anatembea ubavuni mwao na fimbo begani.

Aliyeshuka garini alikuwa Bwana Maendeleo wa wilaya, kijana wa miaka kama ishirini na saba, suruali ya kaki iliyopigwa pasi, viatu vinang'aa. Miezi mitatu nyuma ndiye aliyetukabidhi mkokoteni ule mbele ya kijiji kizima. Alichungulia ndani.

“Nini hiki?”

“Samadi,” mwenyekiti akamjibu.

“Mimi naona mavi ya ng'ombe.”

“Ndiyo hayo hayo. Ya mbuzi yamo kidogo.”

“Mama, serikali imewapa mkokoteni wa shilingi mia tisa. Wa kubebea mazao! Ninyi mnabebea mavi?”

“Kwanza hatujasalimiana, baba.”

Kijana alitazama chini. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Habari za mjini? Watoto hawajambo?”

“Sina watoto bado.”

“Basi utapata, na watataka ugali. Ugali wenyewe unaanzia hapa.” Akapiga ubao wa mkokoteni kwa kiganja.

Nilicheka, na nadhani kicheko changu ndicho kilichotuharibia. Bwana Maendeleo hakucheka. Aliagiza samadi ile imwagwe palepale kando ya barabara, maksai wafunguliwe nira, na mkokoteni usukumwe hadi ofisi ya kijiji, ukafungwe kwa mnyororo na kufuli mpaka Jumamosi, siku ya mkutano. Tuliusukuma wenyewe, wanawake sita. Safari ya kumi na saba, ambayo ingeondoka mchana wa siku ileile, ilikuwa ya kwanza kutoka zizini kwa mwenyekiti wetu.

Inafaa nieleze mkokoteni ule ulivyotufikia, maana bila hivyo mtu hawezi kuelewa kwa nini wanawake wazima tulikosa usingizi kwa ajili yake.

Mimi nilisoma hadi darasa la nne, nikaolewa. Baada ya hapo nilijisomea mwenyewe: magazeti yaliyofungiwa sukari, maandishi ya kwenye makopo ya dawa, vijitabu vya bwana shamba, na kamusi ya mwalimu mmoja ambaye alinikopesha kwa wiki mbili nikakaa nayo miaka miwili. Kwa hiyo akina mama wa upande wetu walipounda kikundi, mimi nilipewa ukatibu bila kupigiwa kura. Mwenyekiti walimchagua mjane mmoja wa makamo, mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyejua kusoma. Sijapata kuona mtu mwingine anayeweza kukaa kimya mkutano mzima, kisha akasema sentensi mbili na mkutano ukaishia hapo.

Tulisikia kwamba wilaya inatoa ruzuku kwa vikundi vya wananchi, ili kuinua kipato cha kaya. Neno lenyewe nililitafuta kwenye kamusi, nikawaeleza wenzangu kwamba ni fedha inayotolewa bila kurudishwa. Hawakuamini. Mmoja aliniuliza, “Serikali inakupa, halafu hairudi kudai? Tangu lini?” Mwingine akataka kujua ni nani atakayekamatwa. Sikuwalaumu. Wazazi wetu waliijua serikali kama mtu anayekuja kudai kodi ya kichwa, na usipokuwa nayo anaondoka na mbuzi wako. Kabla ya Uhuru, mkokoteni wenye matairi ya mpira niliuona kwa watu wawili tu: mfanyabiashara mmoja mjini Singida, na padri. Mwafrika alikuwa na kichwa na shingo. Mzigo uliozidi shingo ulibaki ulipo. Kwamba ofisi ya serikali, yenye karani Mwafrika na bwana mkubwa Mwafrika, ingewaandikia wanawake wa Kinyaturu barua na kuwauliza mnahitaji nini, hilo lilikuwa jambo jipya, na mpaka leo naliona kuwa jambo kubwa.

Fomu ilikuwa ya kurasa mbili. Niliijaza mezani kwetu kwa siku tatu, kwanza kwa penseli. Palikuwa na sehemu inayosema kikundi chenyewe lazima kichangie sehemu moja ya tano ya ruzuku, kwa fedha, kazi au mali, na kutaja mali hiyo ni nini. Fedha hatukuwa nayo. Tulikuwa kumi na wanane, na ndio kwanza tumeambiwa kwamba wote tutahama kwenda kijiji kipya kando ya barabara. Niliwauliza wenzangu, “Tuna mali gani?” Wakajibu karibu kwa pamoja, kwa Kinyaturu, samadi. Nikaandika kwa wino: Mali ya kikundi, samadi, mazizi kumi na manane. Pembeni palikuwa na kisanduku cha thamani kwa shilingi. Sikujua niweke nini, nikakiacha wazi.

Mtu wa kwingine anaweza kushangaa. Kwetu ardhi ni mchanga mwekundu juu ya mawe. Ukilima bila samadi, mwaka wa kwanza unapata kidogo, wa pili unapata majani. Ndiyo maana mashamba yetu ya uwele yalizunguka nyumba, na nyumba zilizunguka zizi. Mwanamume alihesabu ng'ombe. Mwanamke alitazama chini ya ng'ombe. Hata ng'ombe wa mtu mwingine aliyewekwa kwako kutunzwa, maziwa yake na samadi yake ni vyako. Binti akichumbiwa, shangazi zake walipita zizini kwa akina kijana kana kwamba wamepotea njia, wakikanyaga kuona mguu unazama kiasi gani.

Mwenyekiti wetu alipofiwa na mume, shemeji zake walikuja wakagawana ng'ombe wote ishirini na mmoja. Zizi likabaki tupu. Lakini samadi ya miaka kumi na mitano hawakuibeba, kwa sababu hakuna aliyebeba samadi kupeleka mbali. Ilikuwa imezama chini kufikia kiuno cha mtu. Juu ilikuwa ngumu kama sakafu; ukishavunja gamba lile kwa jembe, chini yake ni nyeusi na laini kama ugoro. Huo ndio ulikuwa urithi wake wote. Kwa samadi hiyo alilima ekari moja kila mwaka akawalisha watoto watatu, na hakwenda kwa shemeji kuomba hata kibaba.

Kisha tukahama. Sitasimulia kuhama kwenyewe. Kila aliyekuwepo ana yake. Kila kaya ilipimiwa ekari moja ya mchanga mtupu pale kijijini, maili tatu kutoka mahame yetu. Samadi ikabaki nyuma kwenye mazizi yasiyo na watu. Shemeji mmoja alimwambia mwenyekiti, “Shemeji, sasa tumekuwa sawa. Wewe huna ng'ombe, na mimi sina samadi.” Alisema kwa utani, lakini mjane hakucheka.

Mkokoteni ulikuja mwezi wa saba, tukabeba mavuno ya mwisho ya kule tulikotoka, kama fomu ilivyosema. Mwezi wa tisa ulikaa bure chini ya turubai. Siku moja mwenyekiti alikuja kwangu akiwa amebeba debe tupu, akalisimamisha mbele yangu.

“Katibu, mkokoteni ule unaingia madebe mangapi?”

Tukaenda tukapima kwa mchanga. Arobaini.

“Na mvua iko mbali kiasi gani?”

“Wiki saba. Labda nane.”

“Piga hesabu basi.”

Nilipiga. Safari mbili kwa siku. Ijumaa safari moja, kwa sababu baadhi yetu ni Waislamu. Jumapili hakuna, kwa sababu wengine ni Wakristo na maksai hawana dini lakini wanachoka. Safari kumi na moja kwa wiki. Kaya kumi na nane, safari nne kila moja, jumla safari sabini na mbili. Wiki sita na nusu. Ilitosha, ila bila nafasi ya kupoteza. Tulipiga kura ya zamu: mwenyekiti akapata ya tano, mimi ya saba. Wanaume walitukopesha maksai lakini walikataa kuwaswaga. Kijiweni walisema ng'ombe wao hawajawahi kuvuta kitu walichokitoa wenyewe. Mwenyekiti akachukua fimbo, na baada ya siku mbili maksai wakamsikia yeye kuliko wenye mali. Mume wangu, ambaye alikuwa mtu mwema ila mdomo wake haukupumzika, alinipa cheo kipya. “Wengine wake zao ni makarani wa posta,” alisema. “Wangu ni karani wa mavi.”

Hapo ndipo tulipokuwa Bwana Maendeleo alipotukuta barabarani.

Mkutano wa Jumamosi ulifanyika kwenye darasa ambalo kuta zilikuwa zimesimama lakini paa bado. Tulikaa juu ya matofali. Mwenyekiti wa kijiji alifungua. Alikuwa mwanamume mpole aliyependa mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana. Bwana Maendeleo alisimama na jalada mkononi. Nilitegemea atatugombeza juu ya uchafu, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Lakini kumbe alikuwa ameenda mjini akasoma jalada letu upya, na alikuja na jambo zito zaidi.

“Nilipowakuta barabarani nilikosea,” alisema. “Nilidhani mnatumia mkokoteni nje ya maombi yenu. Nimesoma. Samadi imo. Mmeiandika wenyewe.” Akasoma kwa sauti: “Mali ya kikundi, samadi, mazizi kumi na manane.”

Wanawake wakaanza kutabasamu. Mimi sikutabasamu, kwa sababu nilisikia neno moja ambalo wenzangu hawakulisikia.

“Mali ya kikundi,” alirudia. “Si mali ya kaya. Mmechangia kikundi, na kikundi ni cha kijiji. Kwa hiyo samadi hii yote inatakiwa iende kwenye shamba la ujamaa. Lakini nyinyi mnaipeleka kwenye viwanja vya watu binafsi.”

“Kama imeandikwa hivyo,” mwenyekiti wa kijiji akasema, “basi imeandikwa.”

Mama mmoja akageuka kunitazama, na wote wakageuka. Niliinuka. Nilisema kwamba mwandiko ni wangu. Nilisema nilipoandika kikundi nilikuwa na maana ya sisi, kila mmoja na zizi lake, na kwamba sikujua kuwa neno lile linaweza kumnyang'anya mtu. Sikuweza kumtazama mjane. Kwa wengine ilikuwa hasara tu; hao walikuwa na waume na ng'ombe waliokuwa wanajaza mazizi mapya polepole. Zizi lake yeye lisingejaa tena. Ikienda shamba la ujamaa, mwaka ule angepanda juu ya mchanga mtupu, na mwaka wa pili pia, na baada ya hapo ni kwenda kwa shemeji na kibuyu mkononi.

Aliomba nafasi ya kusema. Alisimama, akakung'uta vumbi la tofali kwenye kanga.

“Baba, hiyo karatasi ina mahali pa bei?”

“Thamani? Ipo.”

“Katibu wetu ameandika ngapi?”

Bwana Maendeleo alitazama. “Hakuandika. Pako wazi.”

“Vikundi vingine wameandika?”

“Ndiyo. Wengine fedha taslimu, wengine siku za kazi. Kila kitu kina thamani yake.”

“Basi andika na yetu. Andika leo, tukiwa tumekaa hapa.”

“Mama, samadi haina bei. Haiuzwi dukani.”

“Kama haina bei,” akasema polepole, kama mtu anayeweka mizigo miwili kwenye mizani, “hatukuchangia kitu. Tumedanganya serikali, na samadi ni yetu. Kama ina bei, itaje. Tuone sehemu ya tano imeishia wapi. Itakayozidi pale si ya kikundi tena. Ni ya mwenye zizi.”

Akakaa.

Mzee mmoja nyuma alicheka kwa nguvu. “Jibu hilo, msomi!”

Nimekutana na maofisa wengi tangu hapo, na naweza kusema kwamba wengi wangekasirika. Yule kijana alikaa juu ya tofali, akafungua jalada juu ya magoti na kuvuta kalamu. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Alisema, “Shamba la ujamaa ni ekari ngapi?”

“Tatu,” akajibu mwenyekiti wa kijiji.

“Na mmeagiza mbolea ya dukani?”

“Mifuko sita. Shilingi thelathini na mbili mfuko. Bado hatujalipa.”

“Kwa hiyo mia moja tisini na mbili.” Alinigeukia. “Katibu, ekari moja inahitaji samadi kiasi gani ili mifuko miwili isihitajike?”

Nilikuwa nimeshasoma hilo kwenye kijitabu cha bwana shamba, lakini niliona aibu kutoa jibu la kitabu mbele ya watu waliolima maisha yao yote. Nikamwangalia mwenyekiti wetu. Akaonyesha vidole sita.

“Mikokoteni sita,” nikasema. Kijitabu kilisema vilevile, karibu.

“Mara ekari tatu, kumi na nane. Kaya kumi na nane.” Aliinua uso. “Kila kaya itoe mkokoteni mmoja kwa shamba la ujamaa. Huo ndio mchango wenu. Mifuko sita ifutwe. Mingine yote mpeleke kwenu.”

“Sehemu ya tano ya mia tisa ni ngapi?” mjane akauliza.

“Mia moja na themanini.”

“Na wewe umesema mia moja tisini na mbili.”

“Ndiyo.”

“Tumezidisha kumi na mbili.”

“Mmezidisha kumi na mbili, mama.”

“Zirudishwe.”

Hata mwenyekiti wa kijiji alicheka, na chakula cha mchana kikasahauliwa. Bwana Maendeleo alikijaza kile kisanduku kwa mkono wake, akatia sahihi, akamwomba mjane aweke dole gumba. Kisha akafungua kufuli.

Kabla ya kuondoka aliomba aonyeshwe. Tulikwenda naye hadi mahame, kwa gari, mara yangu ya kwanza kupanda gari la serikali. Zizini kwa mwenyekiti alivua viatu vile vilivyong'aa, akaviweka juu ya jiwe, akaingia. Mwenyekiti alivunja gamba kwa jembe, akachota gao moja, akamwekea mkononi. Kijana aliisugua kati ya vidole, akainusa.

“Haina harufu,” alisema.

“Harufu ni ya mbichi. Hii imekaa.”

“Kwetu tunamwaga bondeni,” akasema, na akaonekana kuumia kidogo.

Hesabu yangu ilikuwa imevurugika. Kuanzia Jumatano mchana hadi Jumamosi tulikuwa tumepoteza safari sita. Zile kaya nne za mwanzo, ambazo tayari zilikuwa na mikokoteni minne kila moja viwanjani, ukihesabu na ule uliomwagwa kando ya barabara, zilitakiwa zirudishe mmoja. Walirudisha kwa matenga kichwani, madebe arobaini kila kaya, wakinung'unika njia nzima kwamba ndio wanaoadhibiwa kwa kuwahi. Mimi niliomba zamu yangu ya saba iwe ya mwisho. Hakuna aliyenibishia, na hiyo ilinionyesha kwamba walikuwa wanafikiri hivyohivyo.

Zamu ya mjane ilianza Jumatatu. Alijaza mwenyewe, akaswaga mwenyewe, akamwaga mwenyewe. Mkokoteni wake wa kwanza aliupeleka shamba la ujamaa, na alimwaga hadi chembe ya mwisho, akafagia mbao kwa mkono, ili asije mtu kusema alipunja. Mitatu iliyofuata aliieneza kwenye ekari yake kwa mistari ambayo ungedhani imevutwa kwa kamba. Shemeji yule wa utani alipita, akasimama.

“Shemeji, kumbe bado unatuzidi.”

“Njoo na tenga,” alimjibu. “Zizini kumebaki. Ila ya kichwani, si ya mkokoteni. Mkokoteni ni wa akina mama.”

Na kweli alikuja, mwanamume mwenye ng'ombe kumi na wawili, akabeba samadi kichwani mchana kweupe. Siku hiyo kijiweni hapakuwa na utani.

Tuliendelea hivyo wiki tano. Siku moja tairi lilitoboka kwa mwiba tukapoteza safari mbili. Jumamosi ya mwisho tulimaliza safari ya sitini na tisa, ambayo ilikuwa yangu ya kwanza, ya shamba la ujamaa. Jumapili alasiri mvua ilinyesha. Hapo katikati ya mahame na kijiji pana mbuga ya udongo mweusi, na mbuga ile ikishalowa hata mbuzi hapiti. Safari tatu zilizobaki zilikuwa za kiwanja changu. Nilifunga daftari nikamwambia mume wangu. Alitaka kusema jambo, nikaona anavyolitafuta, kisha akaliacha. Alisema tu, “Tutapanda hivyohivyo.”

Jumanne asubuhi nilitoka na jembe nikakuta wanawake watano kwenye kiwanja changu, na matenga. Mwenyekiti alikuwa anamwaga. Walikuwa wanachota kwenye ekari yake, pale ambapo alikuwa bado hajachanganya na udongo.

“Mama, hiyo ni yako,” nikasema.

“Najua.”

“Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyeandika.”

“Na mimi ndiye niliyekutuma uandike. Shika tenga hilo.” Kisha, nilipoanza kushukuru, akanikata. “Usinishukuru. Kiwanja chako kiko barabarani. Yule kijana anapita hapa kila mwezi. Sitaki aone uwele wa katibu umesinyaa akasema kikundi kizima ni wavivu.”

Walinipa kiasi cha mkokoteni mmoja. Niliandika kwenye daftari, madebe thelathini na nane, maana nilihesabu wakati wao wakicheka kwamba nahesabu.

Mavuno ya mwaka uliofuata niliyapima kaya kwa kaya. Mimi nilipata magunia matatu ya uwele. Waliopanda bila samadi upande wa pili wa kijiji walipata moja na nusu, na wengine hawakujaza hata moja. Mjane alipata magunia sita, licha ya samadi aliyoipunguza kwa ajili yangu. Aliweka mawili ya mbegu na dharura, akauza moja, akala matatu na watoto wake mpaka mavuno mengine. Hakwenda kwa shemeji. Miaka minne mfululizo baada ya hapo, hadi alipopata mtamba wake mwenyewe, tuliendelea kuchimba kwenye zizi lile, na kila mwaka nilikuwa namwona akisimama ndani yake kwanza, kabla ya kuinua jembe, akipima kwa mguu imebaki kiasi gani.

Bwana Maendeleo alikuja mwezi wa sita na jalada lake. Alitembea shamba la ujamaa kutoka kona hadi kona, akavunja masuke mawili akayaweka mfukoni. Ofisini alitaka ripoti ya ruzuku ifungwe vizuri, na tuliiandika pamoja, yeye akisoma, mimi nikiandika, mjane akisikiliza kila tarakimu na kuitikia kwa kichwa pale anapokubali. Fedha za mbolea zilizokuwa zimetengwa na kijiji, shilingi mia moja tisini na mbili, hazikutumika. Kati ya hizo kijiji kilikirudishia kikundi shilingi kumi na mbili zilizozidi kwenye mchango, na mwenyekiti wetu alizipokea kwa mikono miwili, akazihesabu, akazilipa siku ileile kwa fundi aliyeziba lile tairi. Akiba ya kijiji ilibaki shilingi mia moja na themanini.